Wamakonde wa Kwale na Jina Lao katika Makumbusho ya Sanaa

Katika makumbusho ya sanaa ya Ulaya na Marekani, kibandiko cha maelezo kinachowekwa kando ya sanamu ya mchongaji wa Kizungu huanza na jina la mchongaji huyo, kisha hufuata mwaka aliozaliwa, jina la kazi na aina ya mti au jiwe. Kando ya sanamu ya mpingo iliyotoka Afrika ya Mashariki, mahali pale pale palipotengwa kwa ajili ya jina, kwa miaka mingi pameandikwa neno moja tu: Makonde. Wakati mwingine huongezwa jina la nchi, Tanzania au Msumbiji, na maelezo huishia hapo. Neno hilo limefanywa kuwa jina la mchongaji, la mtindo, la soko na la bidhaa, yote kwa mpigo. Inafaa kuchunguza jinsi lilivyopanda bei katika majumba hayo ya maonyesho katika miaka ile ile ambapo kusini mwa pwani ya Kenya, baina ya Diani, Msambweni na Ramisi, watu waliokuwa wakijiita kwa neno hilo hawakutambuliwa na daftari lolote la serikali.

Kwanza lugha yenyewe. Kiswahili humwita mtu wa kabila hilo Mmakonde, watu wengi Wamakonde, na lugha yao Kimakonde. Hivyo ndivyo yafanyavyo majina yote ya makabila, na kiambishi cha mwanzo ndicho kinachomwonyesha mtu. Katika biashara ya vinyago kiambishi hicho hudondoka. Hubaki shina tupu, nalo hutumika kuvumishia vitu: sanaa ya Makonde, vinyago vya Makonde, duka la Makonde. Ndivyo lilivyoingia katika lugha za Ulaya pia, bila kiambishi cha watu, na ndivyo lilivyoandikwa katika sajili za makumbusho. Si neno la kwanza kupatwa na jambo hili, kwani hata miji huyapa majina yao mazulia na vitambaa. Lakini zulia haliulizwi na karani uraia wake. Tena ikumbukwe kwamba jina hili lilikuwa na mshindani. Wenyeji wengi wa pwani ya Tanganyika waliwaita Wamakonde waliotoka ng'ambo ya mto Ruvuma kwa jina la Wamawia, na jina hilo halikuwa la heshima. Ni soko la vinyago, kuliko kitu kingine chochote, lililolisukuma jina la Mawia kando na kulitukuza la Makonde.

Asili ya Wamakonde ni nyanda za juu zilizo kila upande wa Ruvuma: upande wa kaskazini ni Newala na sehemu zinazoizunguka, na upande wa kusini ni Mueda. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alifika upande wa kaskazini mwaka 1906 akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Upande wa kusini ulichunguzwa na Jorge na Margot Dias kwa niaba ya Wareno tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na vitabu vyao vikubwa vilianza kutolewa mwaka 1964. Katika makusanyo hayo ya kwanza zilitafutwa hasa barakoa za mapiko, vifaa vya unyago na vyombo vya nyumbani. Havikuitwa sanaa. Viliitwa vitu vya kienyeji, vikawekwa pamoja na mishale na mitego ya samaki. Tofauti hii ya maneno ni ya kushikwa, kwa kuwa kitu kilichoitwa cha kienyeji hakikuhitaji jina la aliyekitengeneza. Kilihitaji jina la kabila tu. Sanaa ya kisasa ya Wamakonde ilipozuka baadaye, ilirithi kibandiko kile kile kilichokwisha kuandikwa kwa ajili ya barakoa.

Kazi ya kulazimishwa na kodi za Wareno ziliwatoa watu wengi Mueda kwenda kaskazini. Mashamba ya mkonge ya Tanganyika yaliwapokea kwa maelfu, na baadhi yao walisonga mbele hata kuvuka mpaka wa Kenya. Mwaka 1936 ndio unaotajwa kwa kawaida kuwa mwanzo wa maskani yao katika Kwale. Waliandikishwa kazi katika mashamba ya miwa ya Ramisi na katika mashamba ya mkonge ya pwani na ya Taita. Wengine walifuata baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1964. Kijiji cha Makongeni, karibu na Msambweni, kikawa makao yao yanayojulikana zaidi.

Katika Kenya ya kikoloni kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kuchukua kipande. Neno hili lina historia yake. Maana yake ya asili ni sehemu iliyokatwa katika kitu kizima. Likawa jina la cheti cha kibarua, na katika mashamba ya mkonge likawa pia hesabu ya siku za kazi. Katika zama hizo Mmakonde wa Ramisi alikuwa na kipande kama Mdigo na Mduruma waliofanya kazi pamoja naye, kwa sababu mwenye shamba alimhitaji. Uhuru ulipofika mwaka 1963, kipande cha kibarua hakikugeuka kuwa kitambulisho cha raia. Mtu aliyehesabiwa kwa uangalifu mkubwa alipokuwa akikata miwa hakuhesabiwa tena alipotakiwa kupiga kura.

Kilichotokea Dar es Salaam kilikuwa kingine kabisa, na ndicho kilicholipeleka jina la Makonde duniani. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara Mohamed Peera alianza kununua kazi za wachongaji kutoka Msumbiji waliokuwa wakiishi kandokando ya mji. Mchongaji Samaki Likankoa ndiye anayetajwa na waandishi wengi kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, yaani sanamu za viumbe wenye jicho moja, viungo vilivyopinda na midomo iliyofunguka, ambazo hazikufanana na kitu chochote kilichokuwa kikiuzwa kabla ya hapo. Roberto Yakobo Sangwani naye anahusishwa na mtindo wa nguzo ya watu waliobebana, ambao Wamakonde waliuita dimoongo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nguzo hizo zikajulikana zaidi kwa jina la ujamaa. Hapa pana mfano mzuri wa jinsi siasa inavyoweza kukibatiza kinyago. Dimoongo ni mchezo wa nguvu wa vijana, na mshindi wake huinuliwa juu na wenzake. Ujamaa ni sera ya taifa. Mti ni ule ule na watu waliochongwa ni wale wale, ila aliyeinuliwa juu kwa ushindi amekuwa raia mmoja miongoni mwa raia. Jina hilo la pili ndilo lililosafiri na zawadi za viongozi.

Mpingo wenyewe una masharti yake. Ni mti mgumu unaokua polepole sana, wenye ganda la ndani jeupe na kiini cheusi, na mchongaji hodari huacha kwa makusudi mstari wa weupe ubakie ili uonyeshe mahali weusi unapoanzia. Gogo hukatwa kwa msumeno, huchongwa kwa tezo, huingiwa kwa patasi, kisha hukwanguliwa kwa tupa na kusuguliwa kwa msasa. Kazi ya majuma mengi inaweza kuharibika kwa ufa mmoja. Pale mpingo ulipoadimika au ulipopanda bei, wachuuzi walijifunza kupaka mti mweupe rangi nyeusi ya viatu na kuuza kwa jina lile lile la Makonde. Basi jina likaweza kutengana hata na mti.

Wataalamu wa sanaa wa Ulaya hawakukubaliana juu ya kazi hizi. Kwa baadhi yao sanaa ya kweli ya Kiafrika ilikuwa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ibada na mizimu, nayo ilikwisha Wazungu walipofika. Kilichofuata, walisema, ni vitu vya kuuzia watalii katika viwanja vya ndege. Rai hii ni dhaifu. Mchoraji wa Florence wa karne ya 15 alichora kwa kulipwa na tajiri, wala hakuna aliyeiita kazi yake bidhaa ya soko. Kitabu cha J. Anthony Stout juu ya sanaa ya kisasa ya Wamakonde, kilichotolewa Nairobi mwaka 1966, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuzitazama sanamu hizi kama sanamu. Mwaka huo Wamakonde walikuwa wamekwisha kukaa Ramisi kwa muda wa miaka 30, safari ya siku moja kutoka mji kilikotolewa kitabu hicho. Baadaye Sidney Kasfir aliandika mwaka 1980 juu ya wachongaji hao na wanunuzi wao, na Zachary Kingdon akatoa mwaka 2002 kitabu kilichotokana na kukaa na wachongaji na kujifunza kazi yao kwa mikono yake.

Mlango wa makumbusho makubwa ulifunguka polepole. Mwaka 1984 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifanya maonyesho mashuhuri yaliyolinganisha kazi za akina Picasso na sanamu za Afrika na za visiwa vya Pasifiki. Humo Mzungu alikuwa na jina, na Mwafrika alikuwa na kabila. Maonyesho ya Paris ya mwaka 1989, yaliyopewa jina la wachawi wa ardhi, yalijaribu kuirekebisha kasoro hiyo: kila msanii, awe wa New York au wa Msumbiji, aliandikwa kwa jina lake. Miongoni mwao alikuwamo John Fundi, Mmakonde wa Msumbiji, na mashetani yake ya mpingo. Hapana shaka kwamba maonyesho hayo yalilaumiwa kwa mengi, lakini kwa jambo hili moja yanastahili sifa.

George Lilanga ni mfano mwingine wa kujifunzia. Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanganyika, akajifunza kuchonga kwao, kisha akafika Dar es Salaam na kupokelewa Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Hapo aliacha tezo kidogo akashika kalamu na brashi. Mashetani yaliyokuwa yakikaa ndani ya mpingo yakahamia katika michoro ya wino, katika ngozi za mbuzi, baadaye katika turubai zenye rangi kali. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, na alipofariki mwaka 2005 zilikuwa zimekwisha kuingia katika makusanyo makubwa ya watu binafsi wa Ulaya. Kipawa peke yake hakikutosha kumfikisha huko. Palikuwa na nyumba iliyoandika jina lake, iliyomlipa, iliyohifadhi karatasi zake na kumpatia njia ya kusafiri. Na palikuwa na nchi iliyompa pasi ya kusafiria.

Kwale hapakuwa na nyumba ya namna hiyo. Palikuwa na barabara. Hoteli za Diani zilipoanza kuongezeka katika miaka ya 1960 na 1970, vibanda vya vinyago vilisimama kando ya njia itokayo Ukunda kwenda ufukweni. Wenye nguvu katika biashara hiyo walikuwa wachongaji na wafanyabiashara wa Kikamba. Uchongaji wao wa kibiashara unasemekana ulianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na chama chao cha ushirika cha Changamwe kilikuwa imara. Wenyeji wa Kidigo, wengi wao Waislamu, hawakuwa na desturi ya kununua sanamu. Neno sanamu lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, lilibeba harufu ya kuabudu masanamu, na ufundi wa mbao uliosifiwa pwani ulikuwa ule wa nakshi za milango. Kwa hiyo Mmakonde wa Makongeni alikuwa na mnunuzi wa aina moja tu, naye ni mgeni aliyekaa majuma mawili. Tena mara nyingi hakumfikia mwenyewe. Kuuza ufukweni kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji kitambulisho. Asiyekuwa nacho alimpa kinyago mtu mwingine amuuzie, akapokea bei aliyopewa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, hata ile njia nyingine ya riziki ilikatika.

Kwa hiyo kinyago kilichochongwa karibu na Msambweni kilipoteza jina lake mara mbili. Kwanza kibandani, kwa sababu muuzaji hakuwa mchongaji. Tena katika sanduku la mtalii, ambako kiliitwa Makonde na kuaminiwa kuwa kimetoka Tanzania, kwa kuwa vitabu vyote vilisema sanaa ya Makonde ni ya Tanzania au Msumbiji. Vinyago vya namna hiyo huingia makumbusho baada ya miaka mingi, mnunuzi anapofariki na warithi wake wanapotoa vitu vyake. Mpokeaji huandika anachokijua. Makumbusho hayaundi uongo hapo. Huhifadhi upungufu uliokwisha kutokea, na kuupa nambari.

Pwani hiyo hiyo ina kisa kingine kinachofaa kulinganishwa na hiki. Vigango vya Wamijikenda, hasa vya Wagiriama wa kaskazini, ni mbao zilizochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, wala haziuzwi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ziliibwa na kuuzwa Marekani kama sanamu za kisasa zenye maumbo ya kidhahania. Watafiti Monica Udvardy na Linda Giles walihesabu mamia katika makumbusho ya nchi hiyo. Kilichowezesha kigango kimoja kurudi kutoka Illinois mwaka 2006 ni picha iliyopigwa mwaka 1985, ikimwonyesha mwenye boma akiwa kando ya vigango vyake kabla havijaibwa. Makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019. Visa hivi viwili si sawa: kigango kiliibwa, kinyago cha Mmakonde kiliuzwa kwa hiari, na hakuna anayedai kirudishwe. Hata hivyo vyote viwili vinaonyesha kwamba kinachopotea mapema zaidi ni maelezo, na kwamba picha moja yenye tarehe inaweza kuwa na uzito kuliko mlundo wa vitabu vya nadharia.

Hali ya watu wa Makongeni ilibadilika katika karne hii. Katiba ya mwaka 2010 na sheria ya uraia ya mwaka 2011 zilifungua njia kwa watu wasio na nchi waliokuwa wakiishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, lakini njia hiyo ilikuwa ya karatasi zaidi kuliko ya matendo. Mwezi Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde na wenzao walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona rais. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaamuru waandikishwe kabla ya mwisho wa mwaka, na mapema mwaka 2017 vitambulisho vilianza kutolewa Kwale. Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 hawakutimia 4,000. Wapemba wa Kwale na Kilifi walisubiri hadi mwaka 2023.

Miongoni mwa waliokabidhiwa vitambulisho walikuwamo wazee wenye chale usoni, ambazo kwa Kimakonde huitwa dinembo. Kiswahili kina neno nembo kwa maana hiyo hiyo ya alama zilizochanjwa mwilini, na kina pia nembo ya taifa, ile iliyochapwa juu ya vyeti vya serikali. Kwa muda wa miaka 80 nembo ya kwanza ilikuwa ushahidi wa kumnyima mtu ya pili: karani aliitazama sura, akasema huyu si wa hapa. Alama zile zile, zikichongwa katika sura ya kinyago, zilikuwa ushahidi wa uhalisi na ziliongeza bei.

Kwa wataalamu wa lugha na historia imebaki kazi ambayo si kubwa lakini ina haraka. Neno makumbusho linatokana na kukumbusha, na sajili za makumbusho nyingi sasa zinaweza kusomwa kutoka mbali. Vinyago vilivyonunuliwa Mombasa au Diani kati ya mwaka 1960 na 1990 vinaweza kutengwa na vile vya Dar es Salaam kwa kufuata tarehe na mahali pa ununuzi, na picha zake kupelekwa Makongeni. Mkono wa mchongaji hutambulikana na waliochonga pamoja naye, kama hati ya mwandishi inavyotambulikana na wanafunzi wake. Kimakonde cha Kwale nacho, kilichokaa karne karibu nzima katikati ya Kidigo na Kiswahili, kina majina ya vyombo, ya miti na ya mitindo ambayo yanafaa kuandikwa pamoja na vinyago, kwani hayatapatikana katika vitabu vya Mueda wala vya Newala. Waliofika Ramisi mwaka 1936 wakiwa watu wazima wamekwisha kufariki. Watoto wao waliozaliwa kambini ndio wazee wa leo.